Mulango wa Donatille

Useni aliingia studio bila kupiga hodi, amevaa suti ya abakosti ya rangi ya maziwa, akayatazama magodoro kabla hajamtazama mtu yeyote.

"Eh, profesere! Kumbe unalala ndani ya muziki?"

Magodoro yalikuwa yamepigiliwa ukutani ili sauti isirudi. Namegabe aliyapigilia mwenyewe alipokodi nyumba ile ya mawe katika mtaa wa Katoyi na kuweka humo mashine yake ya kurekodi. Tangu hapo kila okestra ya Goma iliyotaka kusikika redioni ilipitia mikononi mwake. Asubuhi alifundisha solfeji, yaani kusoma noti kwa kuimba, katika shule ya sekondari, mchana akafundisha watu wazima gitaa na besi. Besi yake mwenyewe ilikuwa ile kubwa ya mbao, ndefu kumpita, ambayo Wabelgiji waliiacha katika hoteli moja kando ya ziwa. Alijifunza kuipiga kwa kusikiliza santuri za jazz huko seminari, wakati bado anaitwa Paul.

"Karibu, Useni," akasema. "Tuanze."

Hawakuwa wameonana tangu enzi za Mapendo Jazz. Mwaka wa 1972 serikali ilipoagiza majina ya ubatizo yaachwe, Paul akawa Namegabe. Alikuwa mpiga besi wa okestra hiyo, naye Useni alikuwa mwimbaji na kiongozi wake. Mwaka uliofuata Donatille, mama yake Namegabe, aliugua huko Masisi, na mwanawe akamtungia wimbo wenye jina lake, maneno na muziki. Alipokwenda kumzika, okestra ilipanda gari kwenda Nairobi kurekodi, pamoja na mpiga besi wa kuazima. Santuri ilipotoka, wimbo uliitwa "Mama Kivu", na mtunzi alikuwa Useni. Mwenye studio alikuwa amewasikia wapiga gitaa wakimtaja Paul, akauliza ni nani huyo. Useni alimpa jibu ambalo walilicheka njia nzima mpaka Goma: "Paul? Hakuna Paul mu Zaïre."

Kilichomuuma Namegabe zaidi ni kwamba jibu lilikuwa sahihi. Kwa sheria ya nchi, hakuwepo.

Sasa Habarurema, mfanyabiashara wa kahawa, alikuwa anafungua hoteli, na alimtaka mwimbaji wa "Mama Kivu", asindikizwe na okestra ya Namegabe. Namegabe alikubali papo hapo. Mwanafunzi wake Asumini, binti wa familia ya wachuuzi kutoka Maniema, aliyepiga gitaa na kuitikia nyimbo, hakuamini masikio yake.

"Muzee, ule njo mutu alikuibia wimbo. Utamupigia?"

"Nitamupigia vizuri."

Wimbo ule ulianza kwa mzunguko wa magitaa usio na idadi maalumu. Ulizunguka mpaka mpiga besi alipoona wachezaji wameiva. Hapo aliteremsha noti tatu, ambazo Mapendo Jazz waliziita mulango, na mwimbaji akaingia. Useni hakuwahi kujifunza kuhesabu mizunguko wala kusikia magitaa yanageukia wapi. Sauti alikuwa nayo. Kuhesabu ilikuwa kazi ya Paul. Tangu Nairobi, kila mpiga besi aliyemsindikiza alizinakili noti zile kutoka kwenye santuri, kwa hiyo Useni hakuwahi kugundua kwamba kuna kitu hakijui.

Siku hiyo ya mazoezi, humo studio, Namegabe alitaka kuhakikisha. Magitaa yalizunguka, Useni aliwapa mgongo, anavuta sigara na kusimulia habari za Nairobi. Besi ikateremka noti tatu. Useni aligeuka kama mtu aliyeitwa, akaimba mahali penyewe hasa. Mara ya pili Namegabe alipiga noti mbili, akanyamaza. Useni alifungua mdomo, akaufunga.

"Ulisahau, profesere?"

"Nimezeeka. Turudilie."

Mara ya tatu alizipiga zote. Alikuwa amekwishapata alichokitaka.

Jumapili alasiri uwanja wa hoteli ulijaa. Wakubwa walikaa mbele chini ya turubai, watu wa mitaa ya Mapendo na Katoyi wakabanana nyuma. Useni alitambulishwa kuwa mtunzi wa "Mama Kivu", akainua mikono yote miwili. Magitaa yakaanza. Besi ya Namegabe ilikuwa nzito na safi, na hapakuwa na mwanamuziki ambaye angeweza kuilaumu. Ilizunguka, ikazunguka tena. Wachezaji waliiva, wakaanza kupoa. Useni alitabasamu, akapiga makofi, akaita, "Goma, muko?" Wakaitikia kwamba wapo. Mzunguko ukaendelea.

Akajaribu kuingia mwenyewe. Sauti yake iliangukia katikati ya mzunguko, magitaa yakiwa yanaelekea kwingine, ikawa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akakatiza. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi.

"Papa, ni wimbo yako ao uliiazima?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mumupe maji! Anatafuta mulango!" akaitikia mwingine, mzee aliyewahi kucheza ngoma za Mapendo Jazz, na kicheko kikafika mpaka chini ya turubai. Habarurema hakucheka. Alimtazama mgeni wake kama mtu anayetazama gunia la kahawa lenye mawe.

Useni alirudi nyuma hatua kwa hatua, tabasamu bado usoni, mpaka akaifikia besi. Jasho lilikuwa limeichora abakosti mgongoni.

"Paul," akanong'ona. "Nipe mulango. Ndugu yangu, Paul."

Namegabe hakupoteza hata noti moja.

"Hakuna Paul mu Zaïre," akasema.

Kisha akamtazama Asumini, akateremsha noti tatu. Asumini aliujua wimbo kwa maneno yake ya asili, kwa sababu kila mwanafunzi wa Katoyi alianzia hapo. Aliimba "Donatille" mahali "Mama Kivu" ilipozoeleka, na watu wa nyuma, ambao baadhi yao waliwahi kuusikia hivyo zamani, wakaupokea. Useni alishuka jukwaani wakati wa kiitikio. Hakuna aliyempisha.

Jioni, wakivisha ala magunia yake, Asumini alimgeukia Namegabe.

"Muzee, ulitufundisha besi haimwachake mwimbaji."

"Nilifundisha. Na kesho nitafundisha vile vile."

"Basi leo ilikuwa nini?"

"Leo sikuwa nafundisha."

Asumini alikaza kamba ya gunia, akaikaza tena ingawa ilikuwa imekaza.

"Mi sitaki kukukosea hata siku moja."

"Basi jifunze kuhesabu," Namegabe akasema, akainua shingo ya besi, naye Asumini akashika upande wa chini.