Masale ya Sirili

Aikande alikuwa ameapa, mbele ya mama yake na mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu iliyotundikwa sebuleni, kwamba siku Sirili atakapokanyaga ua wao pale Marangu atammwagia beseni zima la maji ya vyombo. Sirili akaja Jumapili baada ya misa ya pili, amevaa suti ya kijivu, na beseni lilikuwa pale pale mlangoni mwa jikoni, limejaa, mafuta ya nyama yakielea juu. Lakini mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Nyuma yake alitembea Mzee Jacob, mkubwa wa ukoo, na nyuma ya Mzee Jacob wanaume wawili walibeba debe la mbege, pombe ya ndizi.

Mchagga hamfukuzi mtu aliyekuja na masale. Unaweza kumchukia mpaka kesho, unaweza kumwona hafai hata kupewa kazi ya kukatia mbuzi majani, lakini akishika jani lile na kusema amekuja kuomba radhi, unampa kiti. Ukimkataa unajitafutia balaa, wewe na wanao. Aikande alikuwa amesomea kompyuta, na vitu asivyoweza kuvifungua akaviona ndani alikuwa haviamini hata kidogo, ila hapo alijikuta akivuta viti huku meno yameumana. Mjanja huyu, alisema moyoni. Anajua tumemfungia kila mlango isipokuwa huu wa masale.

Sirili alikuwa mtoto wa baba yake mdogo. Walikua pamoja, wakaiba maparachichi pamoja, wakachapwa pamoja. Sasa alikuwa anagombea udiwani, na kuanzia njia panda mpaka kanisani hapakuwa na mti usiobandikwa meno yake.

Watu walidhani Aikande ana chuki za kisiasa. Hizo alikuwa nazo, hakuficha, lakini hasira hii ilianza kwenye kazi ya mikono yake. Miaka kadhaa nyuma alitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wakulima wa kahawa, akaiita Kihamba, kama Wachagga wanavyoliita shamba la nyumbani. Ukiona jani la mbuni lina madoa, unalipiga picha. Au unabonyeza na kueleza shida kwa mdomo, maana wazee hawana subira ya kuchapa, nayo inakuambia kama ni kutu ya majani au ni chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha matunda. Sauti yako ilibaki ndani ya simu yako. Tena ilikuwa programu huria: msimbo wake wote, kila mstari, aliuweka mtandaoni. Anayetaka asome, achukue, aboreshe, awagawie wenzake. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba ukiichukua uiache wazi kama ulivyoikuta.

Katika kibanda chake cha kutengeneza kompyuta mjini Moshi, jirani na hospitali ya Mawenzi, wateja walishachoka kumsikia. Mtu alileta simu iliyopasuka kioo, akaondoka na mahubiri. "Programu usiyoruhusiwa kuiona ndani ni kama mtu akukaribishe chakula halafu akukataze kufunua sufuria," aliwaambia. "Na nyie mnakula tu!" Wateja walicheka, wakalipa, wakaenda kupakua mchezo mwingine wa kubahatisha.

Basi Sirili alichukua Kihamba, akaiita Kihamba Chetu. Lile ua jeupe la mbuni, nembo aliyoichora Aikande mwenyewe, akaliacha. Akaongeza ratiba ya mikutano yake ya kampeni, akaongeza na mambo mengine ambayo hakuyasema, kisha akaifunga kabisa, asione mtu kilichomo. Vijana wake walipita nyumba kwa nyumba wakiwawekea wazee kwenye simu. Wazee walishukuru. Aikande alipompigia kulalamika, Sirili alicheka kwa upole, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: "Dada, si ulisema ni ya wote?"

Halafu likaja la Primus, mdogo wake Aikande, mwalimu kule Mkuu, Rombo. Jumamosi moja alikuja kumwona mama yao, Theopista, wakakaa jikoni wawili tu, wakala mtori. Simu ya mama ilikuwa kwenye kabati, kando ya kopo la chumvi. Primus aliongea kama mtu anavyoongea jikoni kwa mama yake. Kwamba Sirili hawezi kuongoza hata kuku kwenda bandani. Kwamba jina lake lilishapitishwa kabla ya wajumbe wa chama kuamka siku ya kura za maoni. Kwamba nchi hii siku hizi mtu akitaka kusema jambo anaangalia kwanza nani kakaa meza ya pili.

Wiki iliyofuata aliitwa kwenye ofisi fulani. Mtu asiyemjua alimsomea maneno yake yote kutoka kwenye karatasi, neno kwa neno, mpaka pale alipoomba aongezewe mtori. Akalala ndani. Alipotoka alikuta amesimamishwa kazi, eti uchunguzi unaendelea.

Primus si mtu wa kelele. Alifanya hesabu yake kimyakimya: jikoni walikuwa watu wawili, na yeye hakujichongea. Hakumshutumu mama yake wala hakumtukana. Aliacha tu kuja. Theopista alipopiga simu alijibu, "Mama, niko barabarani," na siku nyingine, "Mama, hapa pana kelele."

Na Theopista akanyamaza. Huyu alikuwa mwanamke wa kuongea na mbuzi, na migomba, na sufuria iliyochelewa kuchemka. Sauti yake ilikuwa inafika kwa jirani wa tatu. Sasa aliitikia shikamoo za watoto kwa kunyanyua mkono. Kwaya aliacha. Jirani alipokuja kumpa umbea, yeye alitikisa kichwa na kuonyesha kidole mdomoni. Aikande alipopata habari alipanda Marangu siku hiyo hiyo, akaichukua simu ya mama yake, akashuka nayo mjini, akaifungua.

Aliyoyakuta yalimpandisha mori akashindwa kukaa kwenye kiti. Kihamba Chetu iliacha maiki wazi tangu asubuhi hadi usiku. Ilisikiliza jikoni, zizini, kitandani, ilisikiliza rozari. Sauti zote zilipelekwa kwenye seva ya kampuni moja ya kuendesha kampeni, huko zikachambuliwa nani anasema nini kuhusu nani. Na mle ndani, majina ya Kichagga aliyokuwa amevipa vipande vya msimbo wake yalikuwa bado yapo, hayakuguswa. Walichukua zawadi yake wakatengeneza sikio.

Aliandika kila kitu, akaweka ushahidi mtandaoni, akamtumia Primus, akabandika mpaka kwenye mbao za matangazo za parokia. Kelele ikawa kubwa. Kura zilikuwa zimekaribia, ukoo ukaona aibu, na ndiyo sababu Sirili alikuwa amekaa uani Jumapili ile, magoti pamoja kama mwali, jani la isale mapajani. Primus naye alikuwepo, amekaa pembeni, macho chini. Alikuwa bado hajaweza kumtazama mama yake.

Kilichomsumbua Aikande ni kwamba hata baada ya ukweli kujulikana, Theopista hakurudisha sauti. "Si wewe, mama," alimwambia mara nyingi. "Ni simu. Hakuna anayekulaumu." Mama yake alikuwa akiinamisha kichwa na kuendelea kumenya ndizi.

Mzee Jacob alikohoa, akamimina mbege kidogo chini, akasema wamekuja kuzima moto kabla haujala nyumba nzima, na Sirili aseme. Hakuwa na haraka ya haki, alikuwa na haraka ya chakula cha mchana.

Sirili alisimama. Hapo ndipo Aikande alipoona, karibu na banda, kijana wa kampeni akiwa ameinua simu, anawachukua video.

"Mama mkubwa," Sirili alianza kwa sauti ya jukwaani, "kama kuna mahali nilikukwaza..."

"Hakuna kama!" Aikande aliruka. "Na huyo azime hiyo simu! Umekuja kuomba radhi kwa kurekodi watu, halafu unaturekodi?"

"Dada, ni kumbukumbu tu ya ukoo."

"Azime, au naizima mimi kwa jiwe."

Kijana alizima. Sirili alijifuta uso kwa leso. "Tuongee kama watu wazima. Mimi si mtaalamu. Vijana wa kampuni ndio waliweka yale mambo. Na tuwe wakweli, dada, mtu kama hana la kuficha anaogopa nini?"

"Ahaa. Wewe huna la kuficha?"

"Sina."

"Basi vua hiyo suruali. Hapa hapa, mbele ya Mzee Jacob. Vua tuone kama huna la kuficha."

Mmoja wa wabeba mbege alicheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Mzee Jacob alisema, "Mwanangu, mwanangu," lakini Aikande hakuwa na breki tena.

"Primus alikuwa kwa mama yake! Jikoni! Hata serikali ya mkoloni haikukaa jikoni kwa bibi yangu. Mnataka kura zetu, sawa, njooni mziombe barabarani. Mnataka mpaka maneno ambayo mtu anamwambia mama yake akiwa na kijiko mdomoni? Ili iweje? Ili mjue nani wa kumnyang'anya kazi? Umetugeuza ndugu tunaogopana, Sirili. Mama huyu umemfanya bubu katika nyumba yake mwenyewe!"

Sirili alikuwa amepoa kwa muda, lakini hilo la mwisho lilimchoma, na mgombea akichomwa huwa anatafuta pa kujikosha. "Hakuna aliyelazimishwa," alisema. "Simu inauliza. Kila mtu aliulizwa kama anaruhusu, kwa Kiswahili, na akabonyeza ndiyo. Mama mkubwa anajua kusoma. Alibonyeza mwenyewe. Sasa kosa langu mimi liko wapi?"

Primus aliinua kichwa. Aikande alikuwa anavuta pumzi ya kumjibu pale Theopista aliponyanyuka kwenye kigoda chake, akavuka ua, akanyoosha mkono na kulichukua lile jani.

"Nimepokea," alisema.

Sauti ilikuwa na mikwaruzo ya kutotumika, lakini ilikuwa yake.

"Nimekusamehe, Sirili, kwa sababu masale hayakataliwi. Kura ni jambo lingine, hilo usiniulize." Akawageukia wanawe. "Lakini alilosema ni kweli. Niliulizwa, nikakubali. Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kwa nini."

"Mama, ulidanganywa," Aikande alisema. "Hukujua."

"Tulia, mwanangu, unisikilize." Hakuwa amekasirika. Ingekuwa heri angekasirika. "Wewe uliahidi kuja kuniwekea ile ya kwako. Ukasema Pasaka, ukasema kipaimara cha mtoto wa Primus. Nikikupigia, uko na mteja. Wakaja vijana, wakaniwekea. Nikaona lile ua lako, ulilolichora ukiwa umekaa pale kwenye ngazi. Nikajua ni ya mwanangu. Walipoondoka, simu ikaniuliza, je, unairuhusu Kihamba Chetu ikusikilize."

Alikuwa akilizungusha jani vidoleni, pole pole.

"Nikasema, kumbe ana njia yake. Hana nafasi ya kupanda huku, lakini anataka kunisikia. Nikabonyeza ndiyo. Kila siku nilikuwa naongea, Aikande. Nikikamua nakuambia maziwa yametoka lita ngapi. Goti likiuma nakuambia. Jioni nakuambia usiku mwema. Hukujibu hata siku moja, lakini nilishazoea wewe kutonijibu."

Maneno ya Sirili Aikande alikuwa nayo, ya kampuni alikuwa nayo, ya serikali alikuwa nayo gunia zima. Mama yake alimsogezea kigoda tu.

"Na siku ile Primus alipokuja," Theopista aliendelea, sasa akimtazama mwanawe wa kiume, "alikuwa anaongea chini chini, ana wasiwasi. Mimi ndiye niliyemwambia asogee karibu na kabati, aseme kwa sauti. Sababu sikumwambia. Nilitaka dada yake naye asikie."