Masikio ya Kondoo wa Tabildi

Katika bonde la At-Bashi, mtoto hajajua kufunga viatu vyake lakini ameshafundishwa kuwataja baba zake saba, mmoja nyuma ya mwingine, bila kukwama. Mzee Ishenbek alikwama kwenye wa kwanza tangu utoto wake, na sasa alikuwa mzee wa miaka sabini.

Baba yake aliokotwa kwenye theluji, juu kabisa kwenye njia ya mlimani iendayo Uchina, mwaka ule watu walipokimbia risasi za mfalme wa Warusi. Kitoto cha miaka minane hivi, peke yake, hata kofia hakina. Kwa muda mrefu hakikutoa neno. Ulimi ulipofunguka, jina halikutoka nao. Waliomwokota wakamwita Tabildi, yaani aliyepatikana, naye akaishi, akaoa, akazaa na kuzikwa na jina hilo la kupewa.

Macho ya Ishenbek yalikuwa yamekufa na kifua kilimkoroma usiku kucha. Dawa hakuzitaka tena. Alitaka jambo moja tu.

"Nikifika huko nitaulizwa mimi wa nani," alimwambia binti yake Kanishai. "Niseme nini? Wa theluji?"

Kanishai alikwishauliza kila mahali. Wazee walimjibu kwamba mwaka ule milima ilimeza watoto wengi, na huyo wake ashukuru kwamba ilimtapika. Kwenye ofisi ya kumbukumbu walimwonyesha makabati, wakampa na pole. Alirudi mikono mitupu, akaendelea kuchunga.

Kitu kimoja tu Tabildi alikuwa amekileta kutoka asikokukumbuka mwenyewe, nacho kilikuwa mbele ya macho ya wote hata hakuna aliyekiona. Kila majira ya kuchipua aliwakata wanakondoo masikio, kuwatia alama ya mwenyewe, kwa namna yake: la kushoto ncha mshazari, la kulia mapengo mawili nyuma. Majirani walikata pengo moja, basi. Walimtania kwamba kondoo wake husikia nusu ya maneno. Alipoulizwa nani kamfundisha, alitazama kisu chake kana kwamba hilo lilikuwa swali la kisu. Mwanawe aliifuata alama ile, na mjukuu naye.

Jumapili moja Kanishai alipeleka kondoo dume kwenye soko la mifugo. Hajafika hata penye wanunuzi, akamwona kondoo wake mwingine, mnene, amefungwa kwenye gari la mtu asiyemjua. Ncha mshazari. Mapengo mawili. Damu ikampanda. Akamkamata yule mtu mkono wa koti.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Zizini kwangu, dada. Unanunua au unapeleleza?"

"Sikio hilo ni la kwetu."

"Basi mna mikono mirefu. Huyu kazaliwa ng'ambo ya ziwa la Isik-Kul."

Watu wakaanza kusogea, maana wizi wa kondoo kule si jambo la mzaha. Mmoja alisema aitwe polisi, mwingine akasema polisi wa nini na fimbo zipo. Kanishai akamvuta kondoo dume wake mbele ya wote, wayaone masikio wenyewe. Yule mtu, Bekten jina lake, akainama akiwa bado anacheka. Akayashika. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Hii alama ni ya babu wa babu yangu," alisema. "Nyie kawapa nani?"

"Babu yangu."

"Naye kaitoa wapi?"

Hapo Kanishai akamwachia koti. Akamweleza, kwa sauti ya chini, habari za theluji na za baba yake. Bekten akavua kofia yake nyeupe ya sufu. Mwanamume wa kule havui kofia sokoni, jua liwake au mvua inyeshe, na waliokuja kutazama ugomvi wakarudi nyuma. Akamfungua kondoo wake garini, akaomba apelekwe kwa mzee.

Ishenbek alikuwa ameketi kwenye godoro karibu na dirisha. Bekten hakusalimu. Alimwingiza kondoo ndani, matope na yote, akamsogeza kichwa hadi magotini pa mzee. Vidole vya Ishenbek vikatembea, sikio hili, sikio lile.

"Kanishai, si ulikwenda kuuza? Mbona umemrudisha?"

"Huyo si wetu, baba."

"Macho yamekufa, vidole vizima. Huyu wetu."

"Ni wenu, baba mdogo," Bekten alisema, akapiga magoti.

Kisha akasimulia. Babu wa baba yake, Sooron, alikimbia na watoto wake kupitia njia ileile. Dhoruba ikawafunika, na ilipopita, mdogo wa wote hakuwepo tena juu ya ng'ombe aliyembeba. Walimtafuta hadi wakaanza kufa. Tangu hapo kila mtoto wa nyumba yao, akimaliza kuwataja baba zake saba, huongeza maneno haya: na Mamirkan, aliyebaki mlimani. Ukiyasahau unachapwa kofi na kuanza upya.

Miaka yote ile, ng'ambo ya milima, watoto ambao hawakumjua walikuwa wakimtaja babu yake Kanishai. Na babu huku, aliyesahau hata sura ya mama yake, kila mwaka alishika kisu akawajibu. Bila shaka aliwahi kumshikia baba yake wanakondoo. Kichwa kilipoteza yote, mkono ukakataa.

"Nitajie baba zake Sooron," mzee alisema.

Bekten alimtajia, jina kwa jina. Ishenbek akaanza kuyataja mwenyewe, polepole, kama mtu avukaye mto kwa mawe.

"Mimi ni Ishenbek wa Mamirkan. Mamirkan wa Sooron. Sooron wa Baichor. Baichor wa Tilek. Tilek wa Janibai. Janibai wa Kudaish. Kudaish wa Toktor."

Hakukwama. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye yale mapengo mawili, na kondoo, aliyechoka kusubiri, alikuwa ameanza kutafuna pindo la blanketi.