Magari ya Vita ya Beldina

Ukurasa wa nne wa programu ya mazishi ulimchemsha Beldina damu. Chini ya picha ya gari la vita lililoundwa kwa kadibodi, mwanawe Duke alikuwa ameandika: "Baba alikuwa fundi wa ajabu. Magari haya yote kumi na moja aliyatengeneza kwa mikono yake."

Mikono yake! Onyiego, Mungu amrehemu, hakuweza kufungua pakiti ya sukari bila kuimwaga nusu. Aliendesha trekta la majani ya chai miaka ishirini na sita, akapenda watu, na hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuongezewa nini?

Magari yalikuwa ya Beldina. La kwanza alilitengeneza mwaka ule msafara wa jeshi ulipopita Kedowa, gari moja la deraya likaharibika na kukaa kando ya barabara siku tatu. Wakati huo alikuwa mchuma chai. Alikwenda kulitazama akiwa na ufito wake mkononi, ule unaolazwa juu ya mchai ili majani yachumwe sawasawa, akaulaza ubavuni mwa gari. Askari walicheka hadi wakaketi chini, lakini wakamwacha apime. Urefu fito nne na nusu, kimo karibu mbili. Nyumbani kila ufito ukawa njiti mbili za kiberiti. Mwili aliukata kwenye katoni, magurudumu kwenye malapa yaliyokwisha, mzinga ukawa waya wa mwavuli uliovunjika. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, na panya walilila gari lote kuanzia nyuma. Akaanza upya, safari hii akatia pilipili kwenye uji.

Siku moja nyapara aliingia, akaliona juu ya kabati, akauliza fundi ni nani. Mwanamke kuunda magari ya vita katika nyumba ya kampuni? Wangemwita kichaa. Beldina mwenyewe ndiye aliyemnyoshea mumewe kidole. Onyiego alifungua kinywa, akakanyagwa mguu, akakifunga. Kosa lilikuwa la Beldina, na alikuwa amelibeba vya kutosha. Uongo huo ukizikwa leo pamoja na Onyiego, nani angeufukua?

Alisimama kabla ya kuitwa, akamnyang'anya mshereheshaji maikrofoni.

"Hayo magari ni mimi nilitengeneza," alisema. "Yote. Mzee wangu hakutengeneza hata gurudumu moja."

Omosa, mdogo wa marehemu, alimfikia kwa hatua tatu.

"Mama Duke, kaa chini. Hii si maneno ya kusema kwa matanga. Unamvunjia ndugu yangu heshima mbele ya watu."

"Shemeji, sijamvunjia kitu. Nimemvua koti yangu tu. Yake bado amevaa."

Omosa alinyosha mkono kuichukua maikrofoni. Beldina, na miaka yake sitini na mitatu, akaificha nyuma ya mgongo, akamkazia macho mpaka mkono ukarudi ulikotoka.

"Niache nimalize. Siku ile napima gari ya jeshi nilikuwa nimevaa rinda, singeweza kuingia chini. Onyiego alitoa shati, akalala kwa matope, akaingia akanihesabia springi. Alitoka amechafuka hadi masikio, na anacheka. Nyinyi wanaume mko hapa, ni nani angelalia bibi yake matope mbele ya askari? Hiyo ndiyo mngeandika."

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikaenea, na hakuna aliyejaribu kukizuia. Beldina alirudi kitini kwake, hajutii hata neno moja.

Zamu ya Duke ilipofika, alisoma vizuri mpaka ukurasa wa nne. Hapo alisita. Alimtazama baba yake mdogo, Omosa, aliyekuwa akimtikisia kichwa kwa hasira, kisha akamtazama mama yake.

"Mama ndiye aliyatengeneza," akasema. "Baba alilala kwa matope akamhesabia springi."

Akayarudia maneno hayo, kwa sauti kubwa zaidi, ili walioketi nje ya hema nao wasikie.