Kona Kabla Haijafika

"Daka!"

Tofali likapaa kutoka chini. Mdaka, juu ya jukwaa la mbao, hakulitazama hata kidogo. Uso alikuwa ameugeuzia fundi muashi, anamcheka viatu vyake vilivyofumuka, lakini mkono ulikuwa umeshatangulia angani kulingoja. Pwa! Likatua kiganjani, akampa fundi. Wanaopita barabarani husimama kumshangaa dada huyu, na wapo wanaoapa kwamba siku moja alidaka tofali huku anapiga chafya. Mimi sibishani nao.

Lakini mchana huo bega la kulia lililia kwaa, na msimamizi akalisikia.

"Bega lako limekwisha, dada. Jumatatu usije."

"Jumatatu nitakuwa mchezaji wa kulipwa, bosi," Mdaka akajibu, akikung'uta vumbi la simenti kwenye nywele. "Utakata tiketi kuniona."

Haukuwa mzaha. Jioni ile ilikuwa fainali ya gemu la mbio za magari mtandaoni, na mshindi angeingia kwenye timu yenye mshahara, kitanda na daktari wa mabega. Mdaka alifuzu zamani kidogo, wakati sheria ilipozilazimu kampuni za intaneti kubeba kila kitu kwa mwendo mmoja, iwe gemu, barua ya mapenzi au hotuba ya waziri. Halafu wakubwa wakaifuta, wakasema wanafungua milango ya ubunifu. Ubunifu wenyewe ukawa huu: mwenye bando la Dhahabu anapita njia ya haraka, wengine wanakaa foleni.

Chumba cha gemu cha shangazi yake kilikuwa saluni zamani, kwa hiyo vioo vilibaki ukutani na kila mbio ilionekana mara nne. Watu walijaa hadi mlangoni. Karibu na skrini alikaa ofisa wa kampuni ya intaneti, ambayo ndiyo iliyodhamini mashindano. Alitumwa ahakikishe hakuna udanganyifu.

"Baba," Shangazi akamwambia, "tangu sheria ifutwe, gari la mwanangu linaganda kila kona. Mnatuchelewesha?"

"Mama, hatumcheleweshi mtu," ofisa akasema kwa upole wa kukariri. "Tunawaharakisha wengine."

"Ahaa. Yaani mimi sikuchapwa, ni wenzangu tu waliosamehewa fimbo."

Watu wakaangua kicheko. Mbio zikaanza.

Kona ya kwanza Mdaka aliiona, akabonyeza pedi ya gemu, na gari likaenda moja kwa moja ukutani. Ya pili vilevile. Amri zake zilifika zikiwa zimepoa. Akawa wa mwisho, na mtu mmoja mlangoni akaanza kutafuta viatu vyake.

"Mwanangu," Shangazi akanong'ona, "tofali huwa unalingoja mpaka ulione?"

Mdaka akageuka. "Ukilingoja ulione, limeshakuvunja pua."

Basi akafumba macho.

"Anafanya nini huyu?" ofisa akauliza.

"Nyamaza, baba. Anadaka."

Barabara ile aliijua kama ngazi za jukwaa lake la mbao, na kuchelewa kwa kampuni, tuwape haki yao, kulikuwa kwa uaminifu mkubwa, hakukuzidi wala hakukupungua. Mdaka akakunja kabla kona haijafika, akafunga breki kabla ya sababu ya breki, na gari likapinda kama limepakwa mafuta. Akampita mmoja. Akampita wa pili kwa ndani.

"Kulia kuna mtu! Kulia!" chumba kizima kikapiga kelele.

"Alikuwepo!" Mdaka akajibu bila kufumbua macho.

Viti vikaanguka. Mzee wa duka la jirani alipanda juu ya meza na mkongojo wake, mkongojo ambao mpaka leo hajarudi kuuchukua. Mdaka akavuka mstari wa kwanza, na vioo vyote vinne vikashangilia.

Ofisa peke yake hakusimama. Aliongea na simu, akaitikia kwa kichwa, kisha akakohoa.

"Ushindi umefutwa. Nafasi anapewa wa pili."

"Kwa kosa gani? Si ulikuwa umekaa hapo hapo?"

"Mama, kwa bando lenu haiwezekani mtu apinde kona kwa wakati. Picha inamfikia kona ikiwa imeshapita. Lazima kuna udanganyifu."

Shangazi akamsogelea polepole.

"Rudia hapo kwenye 'inamfikia kona ikiwa imeshapita'. Si ulisema hamcheleweshi mtu?"

Ofisa akatazama mlango. Mlango ulikuwa umejaa watu.

Mdaka alikuwa anasugua bega. Kazi hana, timu hana. Alichukua kofia ya ofisa pale mezani, ile yenye nembo ya kampuni.

"Daka!"

Ofisa akasubiri aione. Ikampiga usoni, ikaanguka.

"Umeona? Na hakuna aliyekuchelewesha," Mdaka akasema. Alimfungulia ofisa njia apite, kisha akaurudia umati, akainua pedi juu kwa mkono wa kushoto. "Haya, nani anataka kujifunza? Mtaa mzima tukipinda hivi, watamfuta nani? Wewe mama wa nyuma, njoo. Kaa hapa. Fumba macho."

Foleni ikaanza, na hiyo ilikwenda haraka.