Hakuna Madhara Yanayojulikana

Simu ya kumi na tisa asubuhi ile ilikuwa ya mwanamke aliyetaka kujua jambo moja tu: maji yananuka mafuta kwake peke yake, au kwa watu wote?

"Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza," Redio alisoma. "Mafundi wetu wanaendelea na matengenezo ya kawaida."

"Sijakuuliza habari za mafundi, dada. Nimeuliza kama na kwenu yananuka."

Karatasi iliyobandikwa chini ya kioo cha kompyuta haikuwa na jibu la swali hilo. Redio aliisoma upya tangu juu, kwa upole ule ule, mpaka mwanamke akakata simu. Taa nyekundu ikawaka tena. Watu thelathini na wanne walikuwa kwenye foleni.

Redio halikuwa jina lake. Wenzake walimpa kwa sababu katika miaka sita aliyokaa kiti cha saba, kwenye chumba cha simu cha kampuni ya maji, hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda wala kushuka. Mteja angeweza kumtukana mpaka akaishiwa pumzi, naye akamshukuru kwa kupiga. Wageni walioajiriwa walikalishwa pembeni yake wajifunze.

Lakini leo swali la yule mwanamke halikumtoka, maana hata kwake maji yalinuka. Alfajiri alipofungua bomba kumtekea mama yake maji ya kumezea dawa za presha, harufu ilimpanda puani. Akadhani ni kikombe. Akadhani ni mikono yake mwenyewe, kwa vile jana alishika jiko la mafuta. Alikuwa amechelewa. Akampa mama kikombe, akambusu utosini, akatoka mbio.

Saa tatu afisa uhusiano akaingia na karatasi nyingine. Alikuwa kijana nadhifu, kiatu kinang'aa, simu mbili mkononi.

"Ile ya kwanza itupeni," alisema. "Tumeiboresha."

Karatasi ya pili ilisema maji yana mabadiliko madogo ya harufu, na wateja wanashauriwa kuyachemsha kabla ya kunywa. Redio alifurahi. Angalau sasa alikuwa na kitu cha kumwambia mtu. Furaha hiyo ilidumu simu tatu.

Ya nne ilikuwa ya mwanaume aliyekuwa akipaza sauti ili asikike juu ya vilio vya watoto.

"Nina mapacha hapa, dada. Wana miezi miwili. Mama yao amelazwa, kwa hiyo ni mimi na wao na maziwa ya kopo. Haya maji niyakorogee maziwa au nisikoroge?"

"Tunakushauri uyachemshe kwanza, baba."

"Nimeyachemsha. Chumba kizima kinanuka kama gereji. Ndiyo nauliza, mafuta huwa yanatoka kwa kuchemsha?"

Redio hakujua. Akamwomba asubiri, akamwekea muziki, akavua hedifoni na kumfuata msimamizi. Msimamizi wao alikuwa mtu mpole, shati lake lilikuwa na alama ya jasho mgongoni tangu asubuhi. Wote walijua kwamba mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi na bado hajaambiwa lolote.

"Bosi, kuchemsha kunatoa mafuta?"

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema achemshe."

"Basi achemshe."

"Ameshachemsha. Bado yananuka."

Msimamizi aliichukua karatasi, akaigeuza nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Akaigeuza tena mbele.

"Mwambie aendelee kuchemsha," alisema.

Redio akarudi na kumwambia mwanaume aendelee kuchemsha. Alijisikia akiyasema maneno hayo, kwa ile sauti yake nzuri, na mwanaume akasema, "Haya," kama mtu anayeitikia kitu ambacho hakukisikia.

Kabla ya saa tano ikaja karatasi ya tatu. Safari hii ilitumwa pia kwenye simu za wateja wote, na simu ya Redio mwenyewe ikatetemeka ndani ya mkoba. *Ndugu mteja, puuza taarifa zilizotangulia. Maji yako tayari kwa matumizi yote. Hakuna madhara yanayojulikana. Tunasikitika kwa usumbufu wowote ambao huenda uliupata.*

Foleni ikaruka hadi mia na kumi.

"Nipuuze taarifa ipi?" aliuliza mzee mmoja. "Mimi sikuwahi kupata ya kwanza. Au nipuuze hii yenyewe?"

"Huenda niliupata?" alisema mwenye duka la kufulia. "Nina mashuka hamsini ya hoteli yananuka dizeli, halafu mnaniambia huenda?"

Redio aliwasomea wote. Kila alipofika penye neno *yanayojulikana*, ulimi ulijikwaa. Yanajulikana na nani? Alijaribu kulitamka haraka, halafu polepole. Mwenzake wa kiti cha nane aligeuka na kumtazama, maana hajawahi kumsikia akigugumia.

Ilipofika zamu yake ya dakika kumi za kupumzika, hakwenda kunywa chai. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, mahali ambapo watu wa simu hawakuwa na kazi, akagonga mlango wa maabara.

Ndani alimkuta mpimaji wa maji, mzee mmoja ambaye kampuni nzima ilimwita Mzee Chupa. Alikuwa amekaa kwenye stuli, buti zake za mpira bado zina tope, na mezani zimepangwa chupa ndogo zenye vibandiko. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Habari za kazi, mzee. Samahani kukusumbua. Mimi ni wa chini, kwenye simu."

"Karibu. Wewe ndiye wa kwanza kupanda tangu asubuhi."

"Nataka kujua maji yana nini. Watu wananiuliza, sina la kuwaambia."

Mzee Chupa alimweleza bila kuzunguka. Jana jioni jenereta la kituo cha pampu lilivuja, dizeli ikaingia kwenye tangi. Mlinzi aliona, akapiga simu, zikapita saa nne kabla valvu ya kuzuia maji haijafungwa. Ni kiasi gani kiliingia, hakuna ajuaye. Kimefika mitaa mingapi, hakuna ajuaye. Mashine yao ya kupimia mafuta iliharibika mwaka jana na bado haijatengenezwa, kwa hiyo sampuli zimepelekwa kwingine na majibu ni keshokutwa.

"Na haya ya kwamba hakuna madhara, yametoka wapi?"

"Kwangu hayakutoka." Akavuta faili, akamwonyesha nakala ya taarifa aliyoipeleka juu saa kumi na moja alfajiri. Iliandikwa kwa mkono, herufi kubwa: *Madhara hayajulikani.*

Redio akatoa karatasi ya tatu mfukoni, akaiweka pembeni yake. *Hakuna madhara yanayojulikana.* Wakainama wote wawili, wakazisoma kama watu wanaolinganisha sahihi.

"Maneno ni yale yale," Mzee Chupa alisema mwishowe. "Wameyapanga upya tu."

"Kwa hiyo wamedanganya?"

Mzee alikuna kidevu. "Hapo ndipo panaponichanganya. Ukiisoma polepole, hata hii yao ni kweli."

Redio alishuka ngazi. Alikuwa amepanda kutafuta jibu, akarudi na kitu kisicho jibu, na bado ndicho kitu pekee cha uhakika alichokisikia siku nzima. Alikaa, akavaa hedifoni, akapiga namba ya nyumbani, jambo ambalo halikuruhusiwa.

"Mama, umekunywa maji ya bomba tena?"

"Nimekunywa kile kikombe ulichonipa. Kwa nini? Mbona sauti yako hivyo?"

"Yameingia dizeli. Usinywe tena, wala usipikie. Tumia yale ya ndoo ya bluu, ya juzi."

"Dizeli? Lakini nimeletewa ujumbe hapa, jirani amenisomea. Wanasema yako tayari."

"Hawajui, mama. Hakuna anayejua bado." Alishusha pumzi. "Na kuna jambo lingine. Asubuhi niliisikia harufu. Nikakupa hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa nawahi kazini. Nimekosa. Nisamehe."

Mama yake akakohoa.

"Tumbo halijanisumbua. Kichwa kidogo, lakini hicho ni cha kila siku. Ungesema tu asubuhi, mwanangu, ningemeza dawa kavu."

"Ningesema, ndiyo."

"Haya. Nimekuelewa. Nikijisikia vibaya nitamtuma jirani akuite." Kisha, kwa sauti nyingine: "Umekula?"

Taa nyekundu iliwaka kabla hajajibu vizuri. Alikuwa yule mwanaume wa mapacha.

"Dada, nimeona ujumbe mpya. Sasa nimewachanganyia chupa mbili, ziko hapa mezani. Nimeshindwa kuwapa. Naomba uniambie wewe, si karatasi."

Redio aliitazama karatasi. Akaifunika kwa kiganja.

"Baba, sikiliza. Jana jioni dizeli iliingia kwenye tangi letu. Hatujui ni kiasi gani na hatujui kama ina madhara. Majibu yatatoka keshokutwa. Kuchemsha nilikokuambia, sikuwa na uhakika nako, na sikupaswa kukuambia. Usiwape hayo maziwa. Tafuta maji ya mahali pengine. Kosa ni letu, na nasikitika."

Alimsikia mwanaume akihema. Kisha akasikia kitu kikimwagwa kwenye sinki, mara mbili.

"Asante," alisema mwanaume. "Kumbe ni maneno mafupi tu."

Baada ya huyo aliwaambia wengine kumi. Hawakushukuru wote. Mwenye duka la kufulia alipiga tena, akauliza, "Kwa hiyo tangu jana mnajua?" Redio akasema ndiyo, tangu jana jioni, na tusi lililofuata lilikuwa kubwa kuliko yote ya wiki ile. Ajabu, halikumuuma sana. Lilikuwa tusi lenye haki, na lilipokwisha, mwenyewe alitulia akauliza kama ayafue upya mashuka leo au asubiri, wakaongea kama watu wawili wenye shida moja.

Simu ya kumi na mbili haikuingia. Hedifoni ilikufa sikioni, na alipogeuka alimwona msimamizi ameshika waya.

Ofisini kwa msimamizi, afisa uhusiano alikuwa amesimama dirishani, simu mbili mkononi, zote zinalia.

"Unajua tatizo lako?" alimwambia Redio, bila hasira. "Unawachanganya wateja. Sisi tunajenga ujumbe mmoja, wewe unatoa wako."

"Tangu asubuhi zimekuja karatasi tatu."

"Ndiyo, lakini zote zimepitishwa."

"Na mzee wa maabara ameandika kwamba madhara hayajulikani."

"Na sisi tumeandika hivyo hivyo." Alimtazama Redio kwa mshangao wa kweli, na Redio akaona kwamba kijana yule hakuwa anaigiza, aliamini. "Hapo tofauti iko wapi?"

Dakika chache zilizopita, kwa Redio, tofauti ilikuwa wazi kama mchana. Sasa, mbele ya kijana huyu nadhifu, aliitafuta asiipate, akabaki anayatikisa maneno kichwani kama mtu aliyepoteza funguo kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Wewe ungempa mtoto wako maji haya?" aliuliza mwishowe.

"Sina mtoto," alisema afisa uhusiano, akapokea simu moja, akatoka.

Msimamizi alifunga mlango. Akavuta fomu kutoka kwenye droo na karatasi nyeupe, akavisukuma mbele.

"Wiki mbili nyumbani, bila malipo. Kisha watakuangalia. Lakini kwanza uandike barua ya kuomba radhi kwa kampuni. Nimeagizwa."

"Niandike nimekosa nini?"

"Andika tu radhi. Usieleze sana."

Redio aliandika. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na alitaka kweli kujua kosa lake ili aliandike vizuri. Kalamu ilisimama, ikaendelea, ikasimama. Alipomaliza, msimamizi alisoma kwa sauti ya chini: "Leo niliwaambia wateja kumi na mmoja kwamba dizeli imeingia kwenye maji na kwamba kampuni haijui madhara yake. Kabla ya hapo niliwaambia wengine wengi kwamba maji hayana tatizo, na mmoja nilimwambia aendelee kuchemsha. Hao wengi sina namba zao. Nawaomba radhi."

"Hii si barua ya kampuni," alisema msimamizi.

"Ndiyo nimeshindwa, bosi. Nikiondoa hayo sijui nibakize nini."

Msimamizi hakuirudisha. Aliisoma tena. Alikunja kona ya karatasi, akaikunjua. Akaangalia mlango. Kisha akainama mbele mpaka Redio akasikia harufu ya jasho la siku nzima, na sauti yake ikawa ndogo sana.

"Binti yangu ana miezi mitano," alisema. "Mama yake amenipigia mara nne. Nilimsomea karatasi. Wewe ulipanda juu. Tumpe, tusimpe?"

"Msimpe, bosi. Hawajui."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa polepole. Akachukua simu yake, akabonyeza, akaiweka sikioni. Wakati inaita, kwa mkono wa pili alimsogezea Redio ile fomu ya wiki mbili na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka sahihi.