Rupia Aliyozikwa Nayo Mama

Salvina alikuwa anatafuta cherehani ya mtumba, wala hakuwa na habari na sarafu. Alikaa dukani kwake mtaa wa Soweto, Moshi, mteja hakuna, kidole kinateleza tu kwenye simu, mara ikatokea picha iliyokisimamisha. Rupia ya Mjerumani, ya fedha, imetobolewa. Chini yake muuzaji alikuwa ameandika: "Orijino, ipo Moshi mjini. Njoo tuelewane."

Rupia zilizotobolewa ziko nyingi Uchagani, bibi zetu walizivaa shingoni. Lakini tundu la hii lilikuwa limempasua yule tai aliyekaa juu ya kofia ya mfalme, na chini, karibu na kidevu, palikuwa na kishimo cha msumari ulioanza kazi ukaachwa. Habari ya kishimo hicho Salvina aliijua kabla hajajua kusoma: babu alianza kutoboa pale, bibi akamwambia usimharibu mtu wa watu uso, ndipo akahamia juu. Mama yao aliirithi rupia ile, akaivaa maisha yake yote. Alipozidiwa na ugonjwa aliwaita Salvina na mdogo wake Theodory, akasema ataondoka nayo, isije ikawagombanisha. Salvina mwenyewe aliifunga kwenye leso akaitia kiganjani mwa mama yake kule mochwari. Sasa hii hapa, inauzwa kwenye simu.

Alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akakaa sakafuni. Kaburi la mama lilikuwa Kilema, kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, hatua chache kutoka dirisha la Theodory, ambaye ndiye aliyerithi nyumba kwa kuwa kitinda mimba. Na Theodory mwaka huu amejenga banda jipya la ng'ombe. Wazo lilikuja lenyewe. Alilifukuza, likarudi.

Jioni alimwonyesha picha mumewe, Ndelilio, akamwambia na wazo lile. Aliitupia jicho tu, akamrudishia simu.

"Feki hiyo, mama Goodness. Siku hizi wanakopi kila kitu. Si uliweka picha ya mama mtandaoni alipofariki, amevaa rupia yake? Wameiona hapo, wakatengeneza kalibu."

Salvina alishusha pumzi. Kama ni feki, basi mama amelala salama na Theodory bado ni ndugu yake. Tangu azaliwe hajawahi kutaka kitu kiwe feki kama alivyotaka siku ile.

"Basi nitainunua niipeleke kwa sonara aniambie," alisema.

"Ya nini kujisumbua?"

"Nipate usingizi."

Ndelilio alimwambia aachane nayo. Akamwambia tena wakati wa kula, na asubuhi akarudia. Mume wa kumhurumia mkewe kiasi hicho! Salvina aliona kweli amebarikiwa. Hata hivyo aliinunua, bodaboda akamletea ikiwa kwenye kipande cha gazeti.

Sonara alikuwa Mzee Mikidadi, mtu wa mjini, ambaye nusu ya pete za ndoa za Moshi zimepita mikononi mwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tuone."

"Nataka uniambie hii ni feki."

Mzee alicheka. "Wenzako huwa wananibembeleza niseme ni ya kweli."

Aliisogezea sumaku, haikuvutwa. Akaiweka kwenye mizani yake ndogo, akaguna kwa kuridhika. Akaidondosha juu ya kioo cha kaunta, ikatoa mlio mwembamba, mrefu, na Salvina akauchukia mlio ule kwa moyo wake wote.

"Na kama wametengeneza kwa kalibu, mzee? Wakakopi na tundu lake?"

"Inawezekana. Sogea uangalie." Alimpa lenzi. "Ya kalibu, tundu humwagwa pamoja na sarafu, kingo zinalala laini. Hapa msumari umesukuma fedha ikatokeza upande wa pili, unaona? Na hapa juu uzi umeila. Hii imekaa shingoni mwa mtu miaka na miaka. Ni ya kweli, mwanangu, na tundu lake la kweli."

Maskini mzee, alidhani ametoa habari njema. Salvina alishika kaunta kwa mikono yote miwili. Alipofika nje alimpigia mumewe.

"Ni ya kweli. Naenda Kilema."

"Usiende. Ningoje, tuongee kwanza."

"Tuongee nini? Theodory amemfukua mama." Akakata simu.

Theodory alikuwa anawakatia ng'ombe migomba, mkewe Hilda anatoka kukamua. "Dada, karibu," alisema Theodory. "Mbona kimya kimya?"

Salvina alifumbua kiganja. "Umemfukua mama."

"Nini?"

"Umemfukua mama, ukauza rupia, ukajengea ng'ombe banda. Mwizi wa makaburi wewe."

Ndoo ya maziwa ilimponyoka Hilda. Theodory aliitazama rupia, uso ukamwisha rangi. Alimkamata dada yake mkono akamvuta mpaka kaburini.

Zege lilimwagwa siku ile ile ya mazishi, watu hawajatawanyika, na Salvina alikuwepo. Juu yake marumaru, na kwenye maungio kuvu ya kijani iliyojiotea bila kuguswa. Salvina alizunguka kaburi lote akilipapasa, akitafuta ufa. Hapakuwa na ufa wowote.

"Haikuingia humu," Theodory alisema. "Wewe ndiye uliyemweka mama sawa. Baada yako nani alibaki naye?"

Salvina alitaka kusema hakuna. Hapo akakumbuka. Alikuwa amelia mpaka nguvu zikamwishia, Ndelilio akamshika mabega, akamtoa nje, akamkalisha kwenye benchi, akamwambia apumzike, yeye atasimamia jeneza lifungwe. Siku ile alimpenda mume wake kuliko siku zote.

Pikipiki ilisimama barabarani. Kati ya migomba akaja Ndelilio, bado na nguo za kazini, mkononi ameshika jani la isale. Hilo Mchagga halibebi kwa mapambo; hulibeba mtu aliyekosa, anapokwenda kukiri na kuomba radhi, na kulikataa ni kazi nzito. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anadaiwa lolote.

"Shemeji, isale ya nini?" Theodory aliuliza.

Ndelilio alipiga magoti mbele ya mkewe, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Nilikuwa na shida, mama Goodness. Nikasema inakwenda kukaa tu ardhini."

Salvina alimtazama pale chini. Huyu ndiye aliyemwacha awaze hivyo juu ya ndugu yake, siku hadi siku, na chakula akala. Kisha alimwona Hilda, amesimama kwenye maziwa yaliyomwagika, bado anamtazama yeye.

Alimpita mumewe bila kuligusa jani lake. Kando ya kaburi isale ilikuwa imeota kichaka. Alivunja moja kwa haraka hadi jani likachanika. Akaenda nalo hivyo hivyo kwa Theodory, akapiga magoti. Nyuma yake Ndelilio alikuwa bado amenyoosha mikono.