Pengo la Bunduki ya Kijiji

Mzee Nkuba alifika Igawa akiwa na bunduki ya kijiji begani, barua ya mwenyekiti mfukoni, na uongo mmoja mkubwa moyoni. Mkewe Mbuke alimfuata na kikapu cha mchele wa kuuza kando ya barabara kuu. Uongo huo hakuujua, ila mumewe alimjua vizuri.

Kwa miaka sita Nkuba ndiye aliyekuwa akilinda mpunga wa kijiji chao, huko upande wa Rujewa, dhidi ya ngiri na viboko. Kazi ile ilimpa jina. Msukuma aliyekuja na ng'ombe kumi na mmoja tu, leo watu wanamwachia kiti! Sasa bunduki ilikuwa imeanguka na kuvunjika kile kibati cha nyuma cha kulengea, na mwenyekiti, Bwana Jailos, alikuwa ametoa neno: kibati kipya kitengenezwe, kisha Jumamosi mzee alitoboe debe kwa risasi mbele ya watu wote. Akikosa, bunduki apewe Faustin, kijana wa mgambo.

"Ilianguka vipi, mzee?" aliuliza fundi Timotheo, Mbena mpole wa kutoka Njombe, baada ya kusalimiana.

"Kiboko," alisema Nkuba. "Alinivamia. Mkubwa!"

Mbuke alikohoa kidogo. Kila akiisikia habari ile, kiboko alikuwa ameongezeka urefu.

Kufikia mchana Timotheo alikuwa ameshachonga kibati cha chuma, kimekaa mahali pake sawasawa. Kilichobaki ni pengo, kale kamkato ka juu ambamo jicho hupita kuitafuta punje ya mbele, ile nundu ndogo kwenye ncha ya mtutu, na kupitia punje kukitafuta kinacholengwa. Hapo ndipo fundi alipokuwa mgumu. Alitandaza gunia mezani, akapanga tupa zake tatu: ya mviringo, nene kama kidole cha mtoto, ya pembe tatu, ya kunolea misumeno, na ya tatu nyembamba sana, aliyoinunua kwa fundi saa mmoja Iringa mjini na kuihifadhi ndani ya kitambaa cha flana.

"Chagua wewe, mzee. Jicho ni lako. Chuma nikishakikata, sina namna ya kukirudisha."

Nkuba hakusita. "Hiyo ndogo. Mpigaji hodari anatumia pengo jembamba. Hilo la mviringo ni la watoto wa manati."

"Tujaribu kwanza kwenye bati."

Akakata vipande vitatu vya mkebe wa mafuta ya kupikia, kila kimoja akakitia pengo kwa tupa yake. Aliilaza bunduki, tupu kabisa, juu ya magunia mawili ya pumba. Akavuka barabara, akatundika kifuniko chekundu cha dawa ya viatu kwenye nguzo, akarudi.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha tupa ya mviringo. Nkuba akafumba jicho moja, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Punje ilisimama katikati ya mwanga, na juu yake kifuniko chekundu, cha mviringo kabisa! Zamani hizo aliona hivi kila siku. Lakini angesemaje? Akaguna tu, "Kinaonekana. Ila ni cha watoto." Cha pili, cha pembe tatu, kilikuwa na ukungu. Akasema ni kizuri. Fundi alipobana cha tatu, lori la kwenda Zambia likapita na tela lake, likaacha vumbi na upepo wa kupeperusha kanga za wauza mchele. Vumbi likatua. Nkuba akainama, akatazama. Mwanzoni aliona kijivu kitupu, kisha katikati yake wekundu.

"Hiki ndicho!" alisema kwa sauti kubwa. "Kifuniko nakiona wazi. Kimekaa katikati. Chekundu kama damu."

Nkuba akasikia Mbuke akicheka polepole, kile kicheko chake cha kuziba mdomo.

"Baba Malimi," alisema, "hebu geuka."

Aligeuka. Kifuniko kilikuwa kiganjani mwa mkewe. Upepo wa lori ulikiangusha, kikabingirika hadi kwenye kikapu chake.

Timotheo alijitahidi kujizuia akashindwa, na Mbuke naye akaachia, wakacheka hadi wakashika meza. Nkuba alitaka kukasirika. Badala yake akakaa juu ya gunia. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliogopa, kwa kuwa alikuwa amekiona kile kifuniko. Alikiona kwa sababu alikitaka.

"Hakukuwa na kiboko," alisema.

Kicheko kikakatika.

"Ilikuwa alfajiri. Nikaona ngiri mweusi kwenye mpunga, ameinama. Nikalenga. Kidole kikawa tayari kwenye kifyatulio. Ngiri akapiga chafya. Alikuwa Roza, jirani yetu, anang'oa magugu. Bunduki ilinitoka mikononi ikagonga jiwe."

Mbuke alikuja akakaa karibu naye kwenye gunia. Akamwekea kile kifuniko mkononi.

"Fundi," Nkuba alisema baadaye, "chukua hiyo ya mviringo."

Jumamosi watu walijaa kama siku ya mnada. Debe liliwekwa juu ya kichuguu, hatua themanini. Faustin alisimama kando, viatu vimeng'aa. Nkuba akalala chini, akaweka jicho kwenye lile pengo pana, na punje ikaja yenyewe katikati ya mwanga. Risasi ya kwanza ikalitoboa debe. Ya pili ikaliangusha. Vigelegele vikapasuka, na Bwana Jailos akamshika mkono, akamrudishia bunduki mbele ya watu wote.

Angeweza kwenda nyumbani hapo. Alitamani sana.

"Ngojeni," alisema. Akawasimulia yote, kuanzia kiboko mpaka chafya. Roza aliyekuwa mbele akashika kifua. "Kupiga bado naweza, mmeona wenyewe. Lakini debe mlinionyesha nyinyi lilipo. Faustin awe nami kila siku. Yeye ataniambia ni nini, ndipo nipige. Kama hamtaki, bunduki hii hapa, mpeni."

Kisha Roza akasema kwa nguvu, "Mimi nataka! Na nitakuwa napiga chafya kila hatua!" Uwanja mzima ukacheka, na Nkuba akacheka kuliko wote.

Siku ya Jumatatu, kabla jua halijatoka, Nkuba na Faustin walichuchumaa kwenye tuta la mfereji. Kitu cheusi kilitembea ndani ya mpunga. Nkuba akaweka bunduki begani. Kupitia pengo la mviringo alimwona ngiri, mgongo, masikio, kila kitu.

"Faustin. Kile nini?"

Kijana alitazama kwa muda.

"Mtu, mzee."

Nkuba akaishusha bunduki, akailaza magotini na kuifunika kwa mikono yote miwili. "Asante, mwanangu," alisema. "Basi msalimie."